Ziwa Tanganyika Si Karo la Kufulia

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Msemo huu ungefaa kuandikwa juu ya kila geti jipya la chuma linalowekwa Rumonge. Kwetu, mtu akipata fedha kidogo, iwe kwa mawese, kwa ndagala au kwa ndugu aliyeko ng'ambo, huanza na kile kitakachoonwa na wageni: ukuta, geti, vigae, sebule ya pili. Ukiuliza nguo za nyumba hiyo zinafuliwa wapi, utaonyeshwa njia ya ziwani. Mji unaokamua mafuta ya kutengenezea sabuni hauna pa kuitumia!

Hoja yangu ni moja. Chumba cha kufulia, au angalau banda lenye karo na shimo la majitaka, si anasa. Ndicho kitu cha kwanza cha kuongeza kwenye nyumba isiyo nacho, kabla ya sebule ya pili na kabla ya geti.

Watetezi wa mazoea hutuambia kwamba ziwa ni bure. Nawauliza: bure kwa nani? Mimi ni binti wa Rumonge. Kufula, kama tunavyosema huku, kulikuwa na siku yake, nayo ilikuwa Jumamosi. Nguo zilikwenda zikiwa nyepesi, zikarudi zimelowa na nzito, juu ya vichwa vyetu wasichana. Saa hizo hizo kaka zetu walikuwa wakidurusu masomo au wakicheza mpira. Halafu matokeo ya mitihani yakitoka, tunaambiwa wasichana hawapendi hesabu. Maji ya bure yana bei, na bei hiyo hulipwa kwa Jumamosi za wasichana.

Tena kuna afya. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika mwambao huu wa Burundi, na Rumonge haijasalimika. Ugonjwa huu husafiri kwa maji yaliyoingiwa na kinyesi. Mahali anapofulia mmoja nepi za mtoto au shuka za mgonjwa, hatua chache pembeni mwingine anajaza bidoni la maji ya kunywa. Katika miaka hii ya karibuni ziwa limepanda, likaingia katika nyumba za watu na vyoo vyao, na uchafu wote huo umo katika maji yale yale. Sijataja mamba na viboko, ambao hawajui kwamba tumekuja kufua tu.

Ziwa lenyewe nalo lina haki yake. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na mengi yaliyobaki huondoka kwa mvuke. Mvuke hauchukui sabuni. Tunachokitia leo kitakaa na wajukuu wetu. Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulilinda ziwa hili. Ni jambo jema, lakini mkataba haufui nguo. Nguo zinafuliwa na watu wa Magara, Minago, Rumonge na Nyanza-Lac, nao hawajajengewa pengine pa kufulia.

Nijibu pingamizi tatu. Wa kwanza husema chumba cha kufulia ni mambo ya Wazungu. Huyo anafikiria mashine, na mimi sikuitaja mashine. Nasema karo la saruji na paa la bati. Anayeona vigae vya sebuleni ni vya Kiafrika na karo ni la Kizungu, atueleze mpaka uko wapi.

Wa pili husema ziwani wanawake hupata nafasi ya kuzungumza. Ni kweli, na mazungumzo yale nimeyapenda. Lakini wanaume hukaa barazani wakazungumza hadi jioni bila beseni kichwani. Kwa nini mazungumzo yetu sisi lazima yabebe mzigo?

Wa tatu ana hoja nzito: bomba halitoi maji kila siku, na nyumba nyingi hazina bomba kabisa. Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya meta mraba moja ya bati ni lita moja. Paa la meta mraba 40, mvua ikinyesha milimita 20, hupokea lita 800, ambazo leo zinachimba ua wetu na kwenda zake. Mfereji wa bati na tangi vitazidaka. Kiangazi, tangi litakauka. Hapo maji yaletwe kwa baiskeli au mkokoteni, na malipo yaingie katika bajeti ya nyumba kama makaa yanavyoingia. Bidoni la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Ni heri gharama hiyo ionekane katika daftari la baba kuliko kufichwa katika shingo ya binti.

Na kazi yenyewe si kubwa. Chagua ukuta wa nyuma karibu na bafu, ili bomba likifika siku moja lihudumie vyote viwili. Inua karo lifike kiunoni kwa mfuaji, kwa maana migongo ya mama zetu imeinama vya kutosha. Sakafu iteremke kidogo kuelekea mfereji, na maji ya sabuni yaishie kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na kisima. Kuta ziishe nusu ili hewa ipite. Kamba ya kuanikia iwe juani, kwa sababu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini, na funza wake huingia katika ngozi. Ndiyo maana mama zetu hupiga pasi hata nguo za ndani. Fundi aliyejenga geti anaweza kujenga haya yote.

Nawageukia wenzangu na walimu wetu. Wengi wetu ndio tunaoulizwa ushauri nyumbani fedha zinapopatikana, kwa kuwa tumesoma. Wapo wavulana hapa chuoni wanaorudi likizo na mfuko wa nguo chafu wakiwaachia dada zao, kisha wanaandika insha nzuri juu ya usawa. Likizo ijayo, mzee akitoa mchoro wa sebule ya pili, mwulizeni karo liko wapi. Likijengwa, wavulana nao wafue. Karo la saruji halichagui mikono.