Kaseti Niliyoinyang'anya

Juma lililopita nilijifungia chumbani kwa dakika 51, nikaisikiliza albamu ya Powerslave tangu mwanzo hadi tamati. Ilitolewa Septemba 1984 na Iron Maiden, bendi ya Uingereza inayopiga ule muziki wa magitaa makali na ngoma za kishindo uitwao hevi metali. Mimi si kijana, na watu wa nyumbani kwangu walidhani nimerukwa na akili. Kumbe nilikuwa nikilipa deni.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika shule moja ya bweni. Ilikuwa miaka ya hofu. Mwaka wa 1994 Rais Moi alikuwa ameunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, nasi walimu tulimwona Ibilisi nyuma ya kila mlango. Usiku mmoja nilimkuta mvulana wa kidato cha tatu na kaseti hiyo. Jaladani palichorwa sanamu ya farao mwenye uso wa maiti, ameketi mbele ya piramidi. Sikuhitaji ushahidi zaidi. Mvulana akaniambia, "Mwalimu, humu mna lile shairi la baharia ulilotusomea." Niliyachukulia maneno hayo kuwa ufidhuli, nikamwadhibu.

Sasa nimesikiliza. Wimbo wa kwanza wawahusu marubani wa Uingereza waliopambana na ndege za Wajerumani mwaka wa 1940. Wa pili, "2 Minutes to Midnight", wawasuta wanaonufaika na vita. Jina lake latokana na ile saa ya wanasayansi wa Marekani ionyeshayo jinsi ulimwengu ulivyoukaribia mwisho wake, saa ambayo mwaka wa 1953, baada ya majaribio ya bomu la haidrojeni, ilisogezwa hadi dakika mbili kabla ya usiku wa manane. Nyimbo za panga zilizofuatia zilinichosha, nakiri. Ama yule farao wa jaladani, anao wimbo wake: ni mtawala aliyeabudiwa kama mungu, sasa mauti yamemkabili naye hataki kuamini. Mada hiyo tumeifundisha mara ngapi katika tamthilia?

Hatimaye ukaja wimbo wa nane, "Rime of the Ancient Mariner", wenye urefu wa zaidi ya dakika 13. Mtunzi wake ni Steve Harris, mpiga gitaa la besi, naye ameufuata utungo wa Samuel Taylor Coleridge uliochapishwa mwaka wa 1798. Baharia anamuua albatrosi, ndege aliyeifuata merikebu yao kwa wema. Upepo unakoma, mabaharia wenzake wanakufa kwa kiu, naye anabaki hai peke yake. Laana inaanza kulegea pale anapowabariki viumbe wa majini bila kukusudia.

Kwa haki, maneno ya Harris mwenyewe ni muhtasari tu. Yangeletwa kwangu kama insha ningeyapa alama za wastani. Lakini katikati ya wimbo makelele yote yanakoma. Inabaki besi ikinong'ona, mbao za merikebu zikilialia, na sauti ya mtu akiyasoma maneno ya Coleridge mwenyewe polepole. Hapo ndipo nilipouhisi ule utulivu wa bahari isiyo na upepo. Nami nilikuwa nimeufundisha kwa chaki miaka nenda miaka rudi, nikiorodhesha maudhui na tamathali ubaoni huku darasa zima likisinzia! Sisi ambao wazee wetu walizighani tenzi kwa sauti tulipaswa kujua kwamba utungo mrefu husikilizwa kwanza, ndipo ukachambuliwa.

Sidai kwamba kila kaseti inayofichwa chini ya godoro ina Coleridge ndani yake. Nyingine ni upuuzi mtupu, na mwalimu ana haki ya kusema hivyo akishazisikia. Mimi nilikuwa na redio ya kaseti pale pale katika chumba cha walimu, na kipindi cha pili asubuhi iliyofuata nilikuwa na darasa la mvulana yule. Tuliendelea na shairi la baharia, beti za upepo kukoma. Yeye alikuwa nje akifyeka nyasi.