Njia za Mbio, Kutoka Umatengo Hadi Ngumbo

Husifiwa, tena kwa haki, njia za mbio zipitazo vilima vya Toscana, Italia, kati ya mashamba ya mizabibu. Lakini mwenye kuijua milima ya Umatengo, Tanzania, ambako mikahawa na ngolo, yale mashimo yazungukwayo na matuta yazuiayo mvua isichukue udongo, huipamba miteremko, kisha akashuka hadi mwambao wa Ngumbo, ziwani Nyasa, atakiri kuwa nasi tumeruzukiwa neema hiyo. Nchi iliyomzaa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, haina udhuru wa kukosa njia kama hizo. Halmashauri za Mbinga na Nyasa na ziwaombe wakulima idhini, ziweke alama kwenye vijia vilivyopo, na mbio zisiitishwe msimu wa kuchuma kahawa.