Bidhaa zavuka mpaka, haki ya mbunifu yabaki nyuma

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilipoanza Julai 1, 2010, wafanyabiashara waliahidiwa kwamba bidhaa, watu na huduma vitavuka mipaka kwa urahisi. Lakini haki ya mtu juu ya kitu alichokibuni bado inaishia mpakani.

Chukua mfano wa fundi wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, aliyebuni jiko linalotumia makaa kidogo. Mchuuzi analipeleka Uvira na Kigoma. Likipendwa, haipiti miezi mingi kabla mtu wa huko hajaliiga na kuliuza kwa bei ya chini. Hata kama fundi ana hataza iliyotolewa chini ya sheria ya Burundi ya Julai 28, 2009, haina nguvu ng'ambo ya Ruzizi wala ng'ambo ya ziwa. Anayeumia si fundi peke yake. Mchuuzi aliyelitafutia jiko soko kwa nauli yake naye anapoteza wateja.

Hapo ndipo anapohitajika wakala wa hataza. Wengi humdhania kuwa mjazaji wa fomu tu. Katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya, anayeitaka kazi hiyo huhitaji elimu ya sayansi au uhandisi, miaka 3 hivi ya mafunzo chini ya wakala mzoefu, kisha afaulu mtihani mgumu. Sababu ni kwamba lazima aelewe kifaa kinavyofanya kazi ndipo aandike madai, yaani maneno yanayoonyesha ni kipi hasa kilicho mali ya mbunifu. Akiyabana mno, mwigaji hubadilisha kitu kidogo na kuponyoka. Akiyapanua mno, ombi hukataliwa, kwani majiko yalikuwapo tangu zamani.

Wakala pia hutunza tarehe. Burundi imo katika Mkataba wa Paris tangu 1977. Aliyewasilisha ombi la hataza Bujumbura ana miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama huku akihesabiwa tarehe ile ya kwanza. Kwa alama ya biashara ni miezi 6. Wakala mzuri humwonya mteja asikitembeze kifaa sokoni kabla ya kuwasilisha ombi, maana kilichokwisha kujulikana huweza kukosa sifa ya upya.

Faida ya wataalamu hawa ilionekana katika suala la kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina hilo kuwa alama yake. Wakenya walipinga, wakapata msaada wa wanasheria huko huko Uingereza, na ombi halikufika mbali.

Kwa fundi wa Carama kikwazo ni gharama. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zimo katika ARIPO, shirika lenye makao Harare, ambako ombi moja hutaja nchi kadhaa. Burundi na Kongo hazimo. Nchini Kenya, mwombaji asiyeishi humo lazima awakilishwe na wakala aliyeidhinishwa huko. Kila mpaka una ada yake na wakala wake.

Jumuiya ina njia ya kupunguza mzigo huu. Makubaliano ya kutambuana yamekwisha kutiwa saini kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mawakala wa hataza wafuate, ili aliyeidhinishwa nchi moja ahudumie wateja katika nyingine. Bujumbura nayo ipime upya faida ya kujiunga na ARIPO.

Wakati huo ukingojwa, mfanyabiashara aulize kabla ya kupakia mzigo: chapa hii imesajiliwa na nani, na katika nchi gani? Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mbunifu daftari hilo ni la usajili.