Kipimo kinachosema "NDIYO" tu hakijasema kitu

Majuma matatu haya nimekuwa nikirekebisha mfumo niliouandika mwenyewe, na leo sina msimbo wa kuwaonyesha, nina hasira tu. Tena hasira yenyewe inahusu choo cha mtoto, kwa hivyo kama unakula chakula cha mchana, weka sahani kando kwanza.

Kisa ni hiki. Mwaka juzi maabara moja ya kibinafsi hapa Nairobi (sitaitaja) ilinipa kazi ya kuunganisha mashine yao ya PCR na mfumo wa kutoa majibu. Mashine hiyo hutafuta kwenye choo chembe za urithi za virusi vinavyoleta kuhara na kutapika: rota, noro, adeno, astro na sapo. Nikaunda hifadhidata, na kwa kila kirusi nikaweka safu moja ya ndiyo/hapana. Meneja aliipenda. Mimi pia niliipenda, maana msimbo ulikuwa mfupi na karatasi ya majibu ilipendeza.

Agosti dada yangu mkubwa, aliyeolewa Siaya, alikuja kututembelea na mwanawe wa miezi 14. Mtoto akaanza kutapika, halafu akaendesha siku tatu mfululizo. Kliniki walimpa ORS na zinki, na hiyo ndiyo tiba, sina ugomvi nao. Kisha wakamtuma kwenye maabara ile ile. Jibu likarudi kwenye karatasi niliyoibuni mimi: ROTA: NDIYO. NORO: NDIYO. ADENO: NDIYO.

Dada akaniangalia. "Ndugu yangu, si huyu alipewa chanjo ya rota, dozi zote? Kwa hivyo yale matone yalikuwa ya bure?"

Sikuwa na la kumjibu. Mtoto alipona siku ya tano. Lakini dada alirudi Siaya na ile karatasi kwenye mkoba, na akina mama wa chama chake wameiona. Mmoja wao ana mtoto mchanga ambaye bado hajafikisha wiki 6, na wiki ya 6 ndiyo ya dozi ya kwanza.

Sasa ndipo nilipofungua faili ghafi ya mashine, ile ambayo mfumo wangu huisoma na kuitupa. PCR hufanya kazi kwa mizunguko. Kila mzunguko, kwa hesabu ya vitabuni, nakala za chembe za urithi huongezeka maradufu, na mashine huandika ni mzunguko wa ngapi ambapo mwangaza ulianza kuonekana. Kirusi kikiwa kingi kwenye sampuli, mwangaza huja mapema. Zikiwa chembe chache tu, unachelewa. Namba hiyo huitwa Ct. Kwa mpwa wangu, rota ilikuwa 37, noro 35, na adeno ya aina ya 40/41 (ndiyo ile ya tumbo) ilikuwa 19.

Mwanaprogramu yeyote anajua vipeo vya mbili kama jina lake. Tofauti ya mizunguko 10 ni mara 1,024. Kati ya 19 na 37 kuna mizunguko 18, yaani mara 262,144! Ni makadirio ya juu juu, najua, kwa sababu vipimo vya virusi viwili tofauti havina ufanisi mmoja. Lakini hata ukipunguza mara kumi, bado huyu mmoja ni umati wa uwanja mzima wa Kasarani na yule mwingine ni mlinzi wa geti. Mfumo wangu uliwaandika wote wawili "NDIYO", kwa herufi kubwa na ukubwa ule ule.

Kosa ni langu na nimelikubali. Ila sikulianzisha mimi. Nilipouliza kwa nini mwongozo wa kipimo unataka ndiyo/hapana, nilipewa kijitabu cha muuzaji, na humo nikakuta jinsi kipimo "kilivyotathminiwa". Hapo ndipo hasira ilipoanza.

Kijitabu kinasema usahihi ni 98%. Haya. Tuseme kirusi fulani kimo katika sampuli 2 kati ya 100. Naweza kuandika programu ya mstari mmoja inayorudisha "HAPANA" kila mara bila hata kugusa sampuli, na itakuwa na usahihi wa 98%. Nitauza kwa bei nafuu, karibuni! Ndiyo maana wanaojua kazi hutaka namba mbili: kipimo kinakamata wangapi kati ya walio na kirusi, na kinaachilia wangapi kati ya wasio nacho. Na hata hizo hazitoshi. Chukua kipimo kizuri, 95% kwa 95%. Watoto 1,000, wenye kirusi 20. Utakamata 19. Kati ya 980 waliobaki utawasingizia 49. Karatasi za "NDIYO" ni 68, na 49 kati yake ni uongo. Ukipanua orodha, mambo yanazidi: ukitafuta vimelea 20 kwa mpigo, kila kimoja kwa kipimo kinachowaachilia 98% ya wasio nacho, basi mtu asiye na kimelea hata kimoja ana uwezekano wa karibu theluthi moja wa kupata angalau "NDIYO" moja, ikiwa makosa ya vipimo hayategemeani. Hii ni hesabu ya mwaka wa kwanza chuoni.

Halafu kuna suala la kulinganisha na nini. Norovirusi ilionekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1972, katika sampuli za mlipuko uliotokea Norwalk, Ohio, mwaka 1968. Tangu hapo ilichukua hadi 2016 kabla ya watafiti kutangaza kwamba wameweza kuikuza norovirusi ya binadamu katika seli za utumbo maabarani. Kwa miaka yote hiyo hapakuwa na jibu la kweli la kupimia, palikuwa na hadubini, ambayo inahitaji chembe kama milioni moja kwa mililita ili ione kitu. Kipimo cha PCR kikiona ambacho hadubini haikuona, nani amekosea?

Wauzaji wana mbinu ya kuliondoa tatizo hili. Pale ambapo kipimo kipya na cha zamani vinatofautiana, wanapima tena kwa kipimo cha tatu, ambacho mara nyingi ni ndugu wa kile kipya. Pale vinapokubaliana hawagusi. Alula Hadgu aliikosoa hila hii kwenye jarida la Lancet mwaka 1996, akizungumzia vipimo vya klamidia, na bado inatembea mitaani. Kwa lugha yetu: majaribio ya programu yakifeli unayarudia hadi yapite, na yaliyopita huyaangalii kamwe. Kwa mtindo huo namba za kipimo kipya zina njia moja tu, kupanda. Ukinifanyia hivyo kwenye timu yangu nitakutoa kwenye mradi siku hiyo hiyo.

Lakini hata hilo ningelimeza. Kilichonishinda ni kwamba sampuli zote za kijitabu zilitoka kwa watoto waliokuwa wakihara. Hakuna hata mtoto mmoja mzima! Ni sawa na kusoma faili za kumbukumbu za tarakilishi zilizokwama peke yake, ukagundua zote zina Windows, ukatangaza kwamba umepata chanzo. Zile ambazo hazikukwama zilikuwa na nini?

Na jibu la swali hili lipo, tena lilitafutwa nyumbani kwa shemeji yangu. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2011, utafiti wa GEMS ulifanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, na kituo cha Kenya kilikuwa magharibi, Siaya. Walichukua watoto 9,439 wenye kuhara kwa kiwango cha kati hadi kikali, na wakachukua pia watoto 13,129 wa jirani wasiohara. Matokeo ya 2013: kimelea kimoja au zaidi kilipatikana kwa 83% ya wagonjwa. Na kwa wazima? 72%. Soma tena hiyo namba. Kwenye mazingira yetu, kukuta kitu kwenye choo cha mtoto si habari.

Mwaka 2016 sehemu ya sampuli hizo hizo zilipimwa upya kwa PCR inayotoa kiasi, wagonjwa wakilinganishwa na wazima. Sehemu ya ugonjwa iliyoweza kuelezwa kwa kimelea fulani ilipanda kutoka 51.5% hadi 89.3%, na mzigo wa adenovirusi 40/41 ukawa kama mara tano ya ulivyodhaniwa. Kwa hivyo msiseme ninapinga PCR. PCR ni chombo kitamu kweli kweli! Ninachopinga ni kununua darubini halafu kuitumia kama msumari.

Najua nitakachoambiwa: Ct ya maabara moja hailingani na ya nyingine. Kweli. Choo kina chumvi za nyongo na sukari changamano zinazozuia PCR, hivyo namba inaweza kupotoka. Kweli pia. Basi weka kidhibiti ndani ya kila sampuli, kama GEMS walivyofanya, na uandike namba yake pembeni. Namba yenye kasoro inayojulikana ni bora kuliko "NDIYO" iliyoficha kasoro ile ile. Na kama kazi yako ni kusaka mlipuko kwenye hoteli au bweni, ndiyo/hapana inaweza kukutosha, sibishani.

Wengine wananiambia tiba ya virusi hivi ni ile ile, maji na zinki, kwa hivyo nasumbuka bure. La, hasha. Chanjo ya rota, ambayo Kenya iliianzisha Julai 2014, ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto aliyetoka kliniki juzi anaweza kutoa chanjo yenyewe kwenye choo, na PCR ya kawaida ikaandika ROTA: NDIYO, ilhali kuna PCR inayolenga jeni ya NSP2 inayoweza kutofautisha chanjo na kirusi cha mtaani. Sasa chukua karatasi za namna hiyo, na za watoto kama mpwa wangu wenye 37, uziweke kwenye hesabu ya kama chanjo inafanya kazi. Chanjo itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kisha mtu mmoja wizarani atakata bajeti.

Kwa hiyo safu nimeibadilisha. Sasa mfumo unahifadhi Ct, kidhibiti, na tarehe ya chanjo ya mwisho ya rota. Meneja amesema namba zitawachanganya madaktari na ameniambia nisubiri kikao. Msimbo uko tayari kwenye seva tangu Ijumaa, haujawashwa.

Yale majibu ya mpwa nimeyachapisha upya na kumtumia dada kwa basi la usiku, na maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili kuhusu 19 na 37. Amenijibu kwa ujumbe mfupi kwamba ameyapata na atayapeleka kwenye chama. Wanakutana Jumatano. Kliniki ya yule mtoto mchanga ni Alhamisi.