Ukienda Mombasa Desemba hii, pitia Mutomo: lami ipo, lakini nani anashuka?

Likizo ikikaribia, grupu za WhatsApp huanza kuwaka. "Wasee, Desemba ni Mombasa ama?" Mmoja ana Probox ya mjomba. Mwingine anaahidi kuchanga pesa ya mafuta. Na wa tatu, huyo hakosekani, anauliza kama kuna nafasi ya kubebwa bure. Mpango ni ule wa kila mwaka: kutoka Nairobi alfajiri, chai Mtito Andei, jioni miguu iko kwenye mchanga wa bahari.

Mwaka huu naomba ubadilishe njia.

Toka na Thika Road, pita Matuu, kisha ukate kulia pale Kanyonyoo hadi Kitui mjini. Karibu na mji kuna jiwe la Nzambani, lile ambalo wazee wetu husema ukilizunguka mara saba, mwanamume unageuka mwanamke na mwanamke anageuka mwanamume. Zunguka mara sita, piga picha, ondoka.

Kutoka hapo shika barabara ya Kibwezi. Ni lami, kupitia Ikanga, Mutomo na Ikutha. Si zamani sana njia hii ilikuwa vumbi jekundu tupu. Sasa unateleza tu katikati ya mibuyu na vilima vya mawe, unapita uwanda wa Yatta, ambao ni mkondo wa lava wa karibu kilomita 300, mmoja wa mirefu zaidi duniani. Unavuka Mto Athi, na hapo uko Makueni.

Kibwezi kuna msitu na chemchemi za Umani, na nyuma yake vilima vya Chyulu. Usivipite hivihivi. Mvua ya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkano, hutokea Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 bomba hupeleka maji hayo Mombasa. Yaani utakapotoka baharini uoge chumvi itoke, huenda unaoga mvua ya Chyulu.

Sasa tuongee ukweli. Hili si tangazo la utalii. Swali langu ni moja: barabara nzuri inamlisha nani?

Tumeshapewa somo. Treni ya abiria ya SGR ilianza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Mwaka 2019 serikali ikaamuru mizigo ya bandarini ipande reli. Malori yalipopungua barabarani, miji kama Mtito Andei iliyoishi kwa dereva kushuka, kula na kulala, ikahisi njaa. Amri hiyo iliondolewa 2022. Kisha Mei 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani Marekani, ukatangazwa mpango wa barabara ya kulipia kutoka Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 440. Barabara ya aina hiyo hujengwa ili usisimame. Ni raha kwa mwenye haraka. Kwa mama anayeuza machungwa kando ya lami, kila gari linalopita bila kusimama ni ugali uliopita.

Barabara ya Kitui haina shida hiyo bado. Shida yake ni kwamba tunaipita tu, wakati kuna mteja mwingine anayesimama kila siku: lori la makaa.

Hapa sitajifanya msafi. Karo yangu ya kwanza chuoni ilitoka kwenye tanuri la makaa la baba mdogo. Miti ya karibu ilipoisha, karo nayo ikaisha, nikarudi nyumbani bila cheti. Kwa hivyo nikisikia mtu wa Nairobi akiwatukana wachoma makaa, huku nyama yake inachomwa kwa makaa hayohayo, mimi hunyamaza tu.

Marufuku yamejaribiwa. Mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa Kitui. Mwaka huohuo serikali kuu ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuuondoa mpango huo. Novemba 13, 2023, siku ya mapumziko ya kupanda miti, Rais mwenyewe alikuwa Makueni, kwenye ardhi oevu ya Kiu, akipanda mche. Sawa. Lakini mche hauliki leo, na gunia la makaa linalipwa leo. Hesabu ya nyumba yenye njaa ni hiyo, na hakuna askari wa misitu anayeweza kuibadilisha kwa kushika watu.

Kinachoweza kuibadilisha ni pesa inayolipwa mti ukiwa umesimama.

Chukua mbuyu. Matunda yake hutoka huku Ukambani, hupakiwa magunia, hushuka Pwani. Huko hutiwa sukari, rangi na iliki, na wewe unayanunua ufukweni ukidhani ni zao la bahari. Nilimuuliza mama mmoja soko la Ikutha mbona asiyapike mwenyewe. Akacheka. "Kijana wangu, nikiyapika nitamuuzia nani? Nyinyi mnapita mkikimbia."

Makueni imeonyesha inawezekana, angalau kwa maembe: kaunti ilijenga kiwanda Kalamba, maembe yakaanza kusindikwa nyumbani badala ya kumngoja dalali. Mabuyu na asali ya Kitui vinahitaji akili hiyohiyo. Na barabara ya Kibwezi inahitaji vitu vidogo ambavyo haviiti hata mkandarasi mkubwa: vibao vya kuonyesha njia, choo safi, kivuli cha soko, na vijana wa hapo waliofunzwa kutembeza wageni. Uliza diwani wako bajeti ya vitu hivyo iko wapi. Swali hilo ni la bure.

Sehemu yako, wewe mwenye Probox, ni hii. Safiri mchana. Jaza mafuta Kitui mjini. Lala usiku mmoja njiani, usifike Mombasa siku hiyohiyo. Kula muthokoi Mutomo. Mlipe kijana wa hapo akupandishe kilimani. Nunua asali, usibishane bei kama unanunua shamba. Na gunia la makaa hata likiwa rahisi vipi, liache pale.

Na ukifika Ikutha, shuka. Mwambie yule mama umesimama.