Watoto wakimbizi Eastlands: Darasani wamo, kwenye mfumo hawamo

MWALIMU mkuu wa shule ya umma mtaani Eastleigh au Kayole anapomkubali mtoto mkimbizi asiye na cheti cha kuzaliwa, hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, anatimiza matakwa ya Katiba. Pili, anaitwika shule yake mzigo ambao huenda serikali isiulipie hata senti moja. Hapo ndipo penye kiini cha suala la elimu ya wakimbizi katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, ilhali wengi wanaolijadili hupapita mbio wakakimbilia kulaumu lugha, dini au utovu wa usalama.

Kisheria hakuna utata wowote. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu Wakimbizi mnamo 1966, na kifungu cha 22 cha mkataba huo kinaitaka iwatendee wakimbizi sawa na raia wake katika elimu ya msingi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Walioiandika walijua vyema kutofautisha maneno "kila raia" na "kila mtoto", na mahali hapo wakachagua la pili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inaharamisha ubaguzi wakati wa kuwasajili wanafunzi na kukataza ada ya kusajiliwa. Aidha, Desemba 2017 mawaziri wa nchi za IGAD walikutana Djibouti wakaahidi kuwaingiza wakimbizi katika mifumo ya kitaifa ya elimu badala ya kuwatengea shule zao.

Kwa hivyo, mzazi kutoka Baidoa au Bukavu anayebisha lango la shule ya umma haji kuomba fadhila. Lakini haki iliyo kwenye karatasi ni kitu kimoja na nafasi kwenye dawati ni kitu kingine.

Ili kuelewa tulivyofika hapa, ni vyema kurudi nyuma kidogo. Wasomali waliishi Eastleigh tangu enzi za ukoloni, miongo mingi kabla neno mkimbizi halijahusishwa na mtaa huo. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, waliokimbia vita walielekezwa kambini, Dadaab ikiwa kubwa zaidi. Waliokuwa na jamaa au akiba waliingia Nairobi, na nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka kuwa soko lililoubadilisha mtaa mzima. Waethiopia, hasa Waoromo, nao wakaja. Baadaye Wakongo, Wanyarwanda na Warundi wakatafuta vyumba vya bei nafuu Kayole na Umoja, na wengine wakavuka hadi Kasarani na Githurai. Hii leo Nairobi ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 80,000 waliosajiliwa, mbali na wasio kwenye orodha yoyote.

Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki, ambaye sasa ni marehemu, ilifuta karo katika shule za msingi. Idadi ya wanafunzi kote nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kufikia 2004. Watoto wa wakimbizi waliingia kwa mlango huo huo pamoja na wana wa walala hoi wa Mathare na Majengo. Hakuna aliyewapangia chochote, lakini pia hakuna aliyewafungia. Katika msongamano ule wa wanafunzi, mtoto mmoja zaidi asiye na cheti hakuonekana.

Mambo yalibadilika 2017, Wizara ya Elimu ilipoleta mfumo wa NEMIS. Lengo lake lilikuwa zuri: kila mwanafunzi apewe nambari yake, fedha zimfuate popote aendako, na wanafunzi hewa wanaozitajirisha shule zisizo na uaminifu waondolewe. Ili kupata nambari hiyo, shule ilitakiwa kuingiza kwanza nambari ya cheti cha kuzaliwa. Tangu hapo masharti yamelegezwa na kukazwa mara kadhaa, na 2025 wizara ikatangaza mfumo mpya, KEMIS, kuchukua mahali pa ule wa kwanza. Hata hivyo, kanuni ya msingi imebaki pale pale. Asiye na nambari hahesabiwi, na asiyehesabiwa haletewi fedha.

Tupige hesabu kidogo. Kwa miaka mingi mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi umekuwa Sh1,420 kwa mwaka, na kwa wa sekondari ya msingi Sh15,042. Tuchukulie shule ya Eastleigh yenye watoto 100 wa msingi na 60 wa sekondari ya msingi ambao mfumo hauwatambui. Shule hiyo inakosa Sh142,000 kwa kundi la kwanza na Sh902,520 kwa la pili. Jumla ni Sh1,044,520 kila mwaka. Watoto hao 160 hata hivyo wanakalia madawati yale yale, wanatumia maji yale yale na kusomea vitabu vile vile vilivyonunuliwa kwa hesabu ya wenzao.

Mwalimu mkuu afanyeje? Kwa kawaida huzitandaza fedha chache alizo nazo hadi zinakuwa nyepesi kama karatasi, au anawageukia wazazi. Michango ya dawati, ya mlinzi na ya karatasi za mtihani, ambayo sheria inaitazama kwa jicho kali, mara nyingi huzaliwa hapa. Na yule mzazi mkimbizi, ambaye hawezi kwenda kulalamika katika ofisi ya elimu kwa kuwa hana hakika na stakabadhi zake, ndiye rahisi zaidi kutozwa. Simtetei mwalimu anayepokea hongo ili mtoto apate nafasi, wapo na wanajulikana. Nasema tu kwamba serikali imeweka utaratibu unaomwadhibu mwalimu mwema na kumpa mwovu kisingizio.

Isitoshe, utaratibu huo unaweza kuigawa familia moja. Kila mtoto anayezaliwa Kenya, awe wa Mkamba au wa Mworomo, anastahili kusajiliwa na kupewa cheti. Kitinda mimba aliyezaliwa Hospitali ya Pumwani atakuwa na cheti na nambari, na mgao wake utafika. Ndugu yake mkubwa, aliyezaliwa Uvira au Mogadishu na kubebwa mgongoni hadi mpakani, hana. Wanatoka nyumba moja asubuhi, wamevaa sare za shule moja, lakini mbele ya serikali mmoja ni mwanafunzi na mwingine ni kivuli. Tofauti hiyo hujitokeza waziwazi wakati wa usajili wa mitihani, mwalimu anapoanza kuulizia stakabadhi za mtoto ambaye amemfundisha kwa miaka minne.

Wapo pia wanaobebeshwa mzigo usio wao. Si kila mwanafunzi mwenye jina la Kisomali ni mkimbizi. Wakenya wa jamii hiyo walifanyiwa msasa wa pekee mwaka wa 1989 ili kuthibitisha uraia wao, na kumbukumbu ya aibu ile haijafutika. Mzazi aliyezaliwa Garissa anapodaiwa karatasi ambazo jirani yake kutoka Nyeri hadaiwi, huwa anaisoma historia hiyo upya katika ofisi ya shule.

Suala la lugha ni zito, japo si kwa namna linavyozungumzwa. Nairobi watoto wa madarasa ya chini hufundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Mtoto wa Kisomali au wa Kioromo aliyewasili juzi hajui hata moja kati ya hizo, na mwalimu mwenye wanafunzi 70 hana wasaa wa kumfundisha peke yake. Aghalabu huketishwa karibu na mwenzake wa lugha yake amfasirie. Mkalimani huyo wa miaka tisa ndiye pia huitwa ofisini mama mgeni anapokuja kuuliza habari za mwanawe.

Kisa cha Wakongo ni cha aina yake. Wengi wao huja wakizungumza Kiswahili, tena kwa ufasaha wa kwao. Husema "batu" kwa watu, "bintu" kwa vitu na "mutoto" kwa mtoto. Mwanafunzi wa Kayole, ambaye nyumbani humwita mamake "mathe" na hajawahi kuandika insha isiyo na Sheng, humcheka mgeni mpaka machozi yamtoke. Mwalimu atawakata alama wote wawili. Lakini wa Kayole atakatwa katika somo moja, huku mwenzake, aliyesoma kwa Kifaransa hadi darasa la sita, akirudishwa Gredi ya 3 au ya 4 kwa sababu hajui Kiingereza. Anajua hesabu za kugawanya, anajua mito na milima. Asilolijua ni jina la vitu hivyo kwa lugha ya mtihani.

Huku kurudishwa nyuma ndiko kunakowatoa wengi shuleni. Kijana wa miaka 14 kuketi na watoto wa miaka minane ni fedheha asiyoivumilia kwa muhula mzima, na Eastleigh haikosi kazi ya kubeba mizigo. Msichana naye hubakizwa nyumbani kulea wadogo zake, na posa haziko mbali. Dawa yake inajulikana. Ni masomo ya maandalizi ya miezi kadhaa ya Kiingereza na Kiswahili, kisha mtoto apimwe na kuwekwa darasa la umri wake. Kazi ya kuwashika mkono wanafunzi hawa mijini imeachiwa zaidi mashirika, yakiwemo Jesuit Refugee Service na Xavier Project, pamoja na UNHCR. Marekani iliposimamisha misaada ya kigeni Januari 2025, UNHCR ililazimika kupunguza wafanyakazi na miradi duniani kote. Serikali iliyoegemeza wajibu wake kwenye mfuko wa mgeni haina budi kujiuliza itafanya nini mfuko huo unapofungwa.

Kuhusu wazazi, lawama ya kwamba hawaji mikutanoni husikika mno katika shule hizi. Ina ukweli wake, lakini ina sababu zake pia. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote waliokuwa mijini wahamie kambini. Julai 2013 marehemu Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliibatilisha amri hiyo. Machi 2014 ikatolewa nyingine, na Aprili maelfu ya watu wakakamatwa Eastleigh katika operesheni ya Usalama Watch, wengi wakizuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Kulikuwa na watoto waliotenganishwa na wazazi waliosafirishwa hadi kambini. Mzazi aliyepitia hayo haoni mwaliko wenye mhuri wa serikali jinsi anavyouona mwalimu aliyeuandika.

Wengine wana sababu tofauti kabisa. Familia nyingi za Eastleigh hutaka mtoto apate muda wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, na huona ratiba ya shule ya umma ikiwabana. Wenye uwezo huwapeleka wana wao katika shule za kibinafsi zinazochanganya masomo yote mawili. Kwa hivyo wanaobaki katika shule za umma ni wale maskini zaidi, ambao ndio wenye haja kubwa ya kusikilizwa. Bodi za usimamizi zina nafasi za wawakilishi wa wazazi. Katika shule ambayo theluthi ya wanafunzi ni wageni, sioni ni kwa nini bodi nzima iwe ya wenyeji.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Mpango wa chakula wa Kaunti ya Nairobi, Dishi na County, ulioanza 2023, humlisha mwanafunzi wa shule ya umma kwa Sh5. Anayevaa bangili ya kulipia hupewa sahani yake sawa na mwenzake. Mtoto yupo shuleni, basi atakula. Laiti wizara ingefikiria hivyo kuhusu vitabu.

Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida na kuunganisha huduma za wakimbizi na za wenyeji. Ni hatua ya kupongezwa, ila macho yake yanaelekea zaidi Turkana na Garissa. Mtoto wa Kayole hayuko kambini. Vilevile, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari na kufaidi haki za jumuiya. DR Congo ilijiunga 2022 na Somalia 2024, hivyo mlango huo sasa unawahusu wengi wa Eastlands. Waethiopia na Waeritrea hawamo. Wala mzazi hawezi kulaumiwa akisita kuuachilia ulinzi anaoujua kwa ahadi asiyoijua.

Kinachohitajika kwanza ni kidogo kuliko hayo yote. Idara ya Huduma kwa Wakimbizi tayari huwasajili watu hawa na kuwaorodhesha watoto wao katika stakabadhi ya familia, tena kwa nambari. Ofisi yake ya usajili Nairobi imekuwa Shauri Moyo, mwendo mfupi kutoka shule za Pumwani na Eastleigh. KEMIS ikiundwa iitambue nambari hiyo kama inavyoitambua ya cheti cha kuzaliwa, mgao utamfikia mtoto bila Bunge kupitisha sheria mpya. Mfumo huo unapoingizwa shuleni, wakati wa kulifanya hilo ni sasa, si baada ya kila kitu kufungwa. Kabla ya hapo, mwalimu mkuu wa Eastleigh atalazimika kuweka madaftari mawili: moja la kuwapelekea wakubwa wake, na jingine la kujua ni watoto wangapi hasa wako darasani.