Dawa kuukuu zakosa pa kwenda Ngoingwa

KARIBU kila nyumba ina mfuko wake. Mara nyingi huwa ni ule uliotoka famasi, ukawekwa juu ya friji au ndani ya droo ya kitanda, ukasahaulika. Ndani yake mna vidonge vitatu vinne vya antibayotiki vilivyobaki mgonjwa alipopata nafuu, chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto ambaye sasa yuko shule ya upili, na tembe za shinikizo la damu za mzee aliyefariki, ambazo hakuna mwenye moyo wa kuzitupa.

Siku ya kusafisha nyumba inapofika, swali hutokea: vitu hivi vipelekwe wapi? Katika mtaa wa Ngoingwa, mjini Thika, sawa na mitaa mingine mingi nchini, jibu huwa ni pipa la taka, choo, au moto nyuma ya nyumba. Hakuna kati ya njia hizo tatu iliyo salama, na hilo si kosa la wakazi. Hawajaonyeshwa njia ya nne.

Taka za Thika huishia katika jaa la Kang'oki, ambalo pia hutumiwa na miji mingine ya Kaunti ya Kiambu. Huko kuna watu wanaojipatia riziki kwa kuokota chupa na plastiki. Pakiti ya vidonge ambayo haijafunguliwa ni kishawishi: inaweza kumezwa na mwenye maumivu asiye na pesa za kliniki, au kurudi sokoni ikiwa imepanguswa vumbi. Mnunuzi hatajua ilikaa juani siku ngapi.

Dawa nyingi zilizoisha muda hazigeuki sumu, bali hupungua nguvu, na hapo ndipo hatari inapojificha. Antibayotiki dhaifu huua vijidudu vilivyo hafifu na kuviacha vile sugu vikizaana. Dawa za watoto za unga unaochanganywa na maji zina mtego wa ziada. Tarehe iliyochapishwa kwenye chupa huenda ikawa ya mwaka ujao, ilhali dawa kama amoksilini, ikishachanganywa, hudumu wiki moja hadi mbili tu. Mama anayeihifadhi kwa homa ijayo anahifadhi kitu ambacho kimekwisha kazi.

Choo nacho hakimalizi jambo. Watafiti waliopima maji ya Nairobi na Kisumu, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2016, walikuta mabaki ya dawa mitoni, zikiwemo antibayotiki na dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Mengi ya mabaki hayo hupitia katika mkojo wa wagonjwa, wala hayazuiliki. Yale yanayomwagwa makusudi, hata hivyo, yanazuilika. Thika ni mji wa mito miwili, Chania na Thika, inayokutana papo hapo kisha maji yake yakateremka hadi bwawa la Masinga kwenye Mto Tana. Kinachomwagwa huku juu kina watumiaji wengi huko chini.

Kuhusu moto, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1999 lilitaja tanuri lenye joto lisilopungua nyuzi 850 kwa dawa ngumu kama vidonge. Moto wa majani makavu uani haukaribii kiwango hicho, na unachotoa ni moshi wa plastiki kwa jirani.

Sheria haikosekani. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti kazi ya uzoaji taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka, na inambebesha mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Hospitali na famasi zina taratibu za kuteketeza shehena zao chini ya jicho la Bodi ya Famasia na Sumu na NEMA. Mwenye nyumba ndiye aliyeachwa nje ya ua, ingawa dawa ni zile zile.

Ufaransa ilianza mpango wa kurejesha dawa famasini mwaka 1993, nayo Australia ikafuata mwaka 1998. Thika haihitaji mitambo mikubwa ili kuanza: sanduku lenye kufuli katika famasi chache na gari la kulipeleka kwenye tanuri lenye leseni. Ugumu uko kwenye gharama. Mwenye famasi hawezi kulipia uteketezaji wa dawa alizouza mwingine, na kumtaka afanye hivyo ni kuuua mpango kabla haujazaliwa. Watengenezaji na waagizaji, ambao sheria ya 2022 imewataja, ndio wa kuanza kuulizwa.

Kwa sasa, anayelazimika kutumia pipa anashauriwa atoe vidonge katika pakiti, avichanganye na kitu kisichotamanika kama majani ya chai yaliyotumika au majivu, kisha afunge mchanganyiko huo katika mfuko usiovuja. Majina ya mgonjwa na ya dawa yafutwe kwenye karatasi ya chupa kabla haijafika Kang'oki.